Mguu wa Ukurasa wa Nane

Koplo aliamka saa kumi na mbili na robo asubuhi, akanyoosha mkono kutafuta gongo lake mahali linapokaa siku zote, kati ya kitanda na kabati, na kabla hajalishika akahisi vidole vya mguu wa kulia vinamwasha. Vidole hivyo vilikatwa miaka arobaini iliyopita, pamoja na kila kilichokuwa chini ya goti. Mtu aliyekatwa mguu hashangai kuwashwa na mguu usiokuwepo, kwa hiyo aliendelea kupapasa gongo. Ila safari hii vidole vilikuwa vimelowa. Akafunua shuka.

Mguu wa kulia ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya buti la jeshi lililofungwa kamba hadi juu, na matope yake mabichi yalikuwa yameshapaka shuka. Mguu wa kushoto, ambao ndio uliombeba miaka yote hiyo, uliishia gotini, na kovu lake lilikuwa kavu, la siku nyingi. Koplo alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamwita mkewe.

Mkewe alikuwa muuguzi mstaafu, miaka thelathini na mmoja katika wodi ya upasuaji ya wanaume, na mtaa mzima bado ulimwita Sista. Aliingia na gazeti mkononi. Alikiangalia kitanda.

"Shuka hizo nimezifua jana," alisema.

Kisha akampa gazeti, maana ilikuwa siku ya kumbukumbu ya vita, na siku hiyo Koplo huwa ndani ya gazeti. Kila mwaka gazeti lilimweka ukurasa wa nane, chini ya maneno "Mashujaa Wetu", picha ileile na makala ileile, na kilichobadilishwa ni idadi ya miaka tu. Vita vya zamani hukaa kwenye habari kama sahani za wageni: zinatolewa kabatini siku moja, zinafutwa vumbi, watu wanazisifia, zinarudishwa. Mwaka huu ofisi ya gazeti ilikuwa imenunua kompyuta mpya, makala ya zamani ikagoma kuhamia, na mwandishi mmoja akalazimika kuichapa upya huku anaongea na simu. Mstari wa sita ulisema kwamba Koplo alikanyaga bomu la adui akapoteza mguu wake wa kushoto.

"Wamekosea," alisema Koplo.

"Naona," alisema Sista.

Hakukuwa na zaidi ya kueleza. Mwili wa Koplo ulikuwa mwili wa askari. Ukipewa agizo kwa maandishi unatii kwanza, maswali baadaye. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya kulia kumi na saba, vipya kabisa, kwa kuwa hakuna duka linalouza kiatu kimoja, na Sista alisema angalau sasa vitatumika. Akaenda kuchota maji ya uvuguvugu.

Aliweka beseni sakafuni, akakata kamba za buti kwa mkasi. Mguu uliotoka humo ulikuwa wa kijana wa miaka ishirini na mitatu, misuli imejaa, hauna hata mshipa mmoja uliovimba. Haukutulia. Kila gari lilipopiga honi barabarani uliruka, ukamrushia maji. Sista aliubana kwapani jinsi alivyokuwa akiwabana wagonjwa wabishi, akausugua matope kuanzia kwenye unyayo kupanda juu, huku anaulalamikia uzito wake. Alipofika kwenye kigimbi, mkono ukasimama.

Palikuwa na tundu, kiasi cha kifungo cha shati, bado linatoa damu. Akapeleka kidole upande wa mbele, kwenye muundi. Mbele hapakuwa na kitu. Akaugeuza unyayo. Ulikuwa mzima, hata kucha hazikuvunjika.

"Koplo," alisema. "Bomu la kukanyaga linatoka chini."

Koplo alianza kulikunja gazeti.

"Nimepokea watu wa mabomu mimi. Wanafika hawana nyayo. Hii ni risasi, na imeingilia nyuma."

"Ndiyo."

"Adui alikuwa wapi?"

"Mbele."

"Na nyuma alikuwa nani?"

Koplo alitazama dirishani. "Nyuma tulikuwa sisi wenyewe."

Sista alichukua kibano akaitoa risasi bila kuomba ruhusa, na Koplo hakuguna. Hakuhitaji miwani kuijua. Za aina hiyo zilijaa mifukoni mwake siku ile. Basi akasema, kwa kuwa mguu ulishasema nusu, na mwenye kusema nusu hana pa kujificha na nusu iliyobaki.

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya pili ya mapigano. Kikosi kilikuwa mahandakini tangu juzi yake bila tone la maji. Meja akaamuru watu kumi na wawili wachukue madumu warudi nyuma hadi mtoni. Amri hiyo aliitoa kwa mdomo. Amri nyingine, kwamba rashasha iliyokuwa juu ya kilima nyuma yao impige yeyote atakayeonekana anarudi, aliitoa kwa maandishi, na jeshini maandishi ndiyo yanayoshinda. Hakukumbuka kuzikutanisha. Watu kumi na wawili walipanda kilima na madumu matupu, na bunduki yao wenyewe ikawafungukia. Ikawa miguu niponye. Waligeuka wakakimbilia upande wa adui, kwa sababu asubuhi ile upande wa adui ndio uliokuwa na usalama, na risasi zikawafuata migongoni. Kumi na mmoja walibaki palepale. Jioni Meja alitakiwa kuandika taarifa. Hakuandika kwamba amewaua watu wake. Aliandika kwamba askari kumi na mmoja wametoroka mbele ya adui.

Wa kumi na mbili alipatikana shimoni akiwa hai. Alikaa siku tano kwenye lori, mguu ukaoza, na mbele yake katika foleni ya hospitali walikuwa watu tisa wa mabomu. Karani alikuwa amechoka. Aliandika "bomu" mara ya kumi bila kuinua kichwa, na kwa neno hilo Koplo akawa shujaa.

"Kumi na mmoja," alisema Sista.

"Ndiyo."

"Kitinda alikuwemo."

"Alikuwa mbele yangu. Dumu lilikuwa bado mkononi."

Kitinda alikuwa mdogo wake Sista, kitindamimba, mwenye miaka kumi na tisa alipokwenda vitani. Jina lake halimo kwenye ukuta wa mnara, kwa sababu mtoro haandikwi. Mama yao aliacha mlango bila komeo miaka sita, mtoto asije akarudi kwa kujificha akakuta pamefungwa, na wezi waliingia mara mbili. Alikufa akiwa anawakwepa majirani. Koplo alifika nyumbani kwao na magongo mawili, mwaka uleule vita vilipoisha, akapewa kiti, akaulizwa habari za Kitinda, akajibu neno moja: "Tulipotezana." Miezi minane baadaye Sista aliolewa naye. Alikuwa akisema waziwazi kwamba alimkubali kwa sababu yeye ndiye mtu wa mwisho aliyemwona mdogo wake.

Mguu haukumshtua Sista. Hili lilimshtua hadi kibano kikaangukia ndani ya beseni. Alimtazama mume wake kama anayetazama mgonjwa aliyeletwa bila faili.

"Miaka arobaini unakula mezani kwangu," alisema. "Mama yangu amekufa na aibu, na wewe ulibeba jeneza lake. Miaka arobaini unaniambia mlipotezana."

"Tulipotezana kweli," alisema Koplo. "Yeye aliangukia kushoto, mimi kulia."

Sista alikwenda kumwaga maji. Alikaa uani muda mrefu kuliko maji yanavyotaka. Aliporudi alikuwa amevaa gauni la kutokea.

"Vaa shati," alisema. "Tunakwenda gazetini."

Njiani mguu ulikwenda mwendo wa gwaride na Koplo mwingine wote akaufuata alivyoweza, gongo sasa likiwa kwenye kwapa la kushoto ambalo halikulizoea. Fundi baiskeli wa pale kona alinyanyua kichwa kutoka kwenye pancha.

"Koplo, mguu huo umeutoa wapi?"

"Gazetini."

"Ukurasa wa ngapi?"

"Wa nane."

"Na mimi nina jino hapa," alisema fundi. "Waambie wanikumbuke."

Sista hakucheka. Alikuwa ameishika risasi ndani ya kitambaa cha pamba, na hakuwa amemsemesha mumewe tangu getini.

Mhariri aliwapokea vizuri, maana ilikuwa siku ya mashujaa. Alikuwa mtu wa makamo, miwani juu ya paji la uso, kikombe cha chai juu ya rundo la karatasi. Ukutani nyuma yake palibandikwa ukurasa wa mbele wa siku hiyo, Meja wa zamani, sasa jenerali mstaafu, akiweka shada la maua mnarani. Mhariri aliutazama mguu wa Koplo kwa macho ya mtu wa kazi. Hakushangaa. Alikasirika kidogo tu, kwa sababu ukurasa ule ulipita mikononi mwa watu watatu na wote wakaweka saini.

"Tutalisahihisha kesho," alisema. "Poleni sana, mzee. Pole mama."

"Hilo silo lililotuleta," alisema Sista, akaweka risasi mezani.

Alieleza yeye. Koplo aliongeza pale alipoulizwa, na safari hii hakutazama dirisha. Mwandishi aliyekosea, msichana mwenye penseli kwenye nywele, aliitwa aandike. Alipofika kwenye zile amri mbili aliacha kuandika akaziba mdomo kwa kiganja. Mhariri alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu mwema, na hilo lazima lisemwe, kwa kuwa watu wema ndio waliofanya sehemu kubwa ya mambo haya.

"Mama, naamini," alisema. "Lakini kuamini si kuchapa. Hapa nina shahidi mmoja, na shahidi huyohuyo ametuambia bomu miaka arobaini."

"Na mguu?"

"Mguu si shahidi, mama. Mguu ni kosa letu la uchapaji."

Mguu ulipiga teke meza, chai ikamwagika. Mhariri alifuta kwa karatasi, akaendelea.

"Basi msiusahihishe," alisema Sista. "Uacheni wiki moja. Daktari auone, auandikie. Ukienda, na tundu linakwenda."

"Gazeti likiacha kosa linalolijua, kesho nani atatuamini?"

Sista alifikiri. Alikuwa mtu wa wodi, na watu wa wodi hujaribu dawa ya pili ya kwanza ikikataa.

"Basi mwandikeni mdogo wangu," alisema taratibu. "Andikeni alirudi nyumbani. Mstari mmoja. Kwa makosa, kama mlivyofanya kwa huyu."

Mtu wa mlangoni aliyekuwa anapiga muhuri magazeti aliacha. Mhariri alivua miwani kabisa, akaikunja.

"Makosa hayaagizwi, mama," alisema. "Yanatokea yenyewe."

Walipokuwa wanashuka ngazi yule msichana aliwakimbilia. Alisema yeye ndiye aliyekosea na hatalala, kwamba atapiga simu jeshini leo hii, atawabana waseme, na wakisema neno lolote atahakikisha limetoka. Bora watu wale watajwe kuliko kimya. Sista alimshukuru. Msichana alimaanisha kila alichosema, na alikitimiza.

Kesho yake ukurasa wa pili, chini, pembeni ya hali ya hewa, yalitoka masahihisho. Toleo la jana lilisema mguu wa kushoto. Ni mguu wa kulia. Gazeti linaomba radhi kwa wasomaji na kwa familia ya shujaa. Koplo alipoamka saa kumi na mbili na robo mguu wa kushoto ulikuwa umerudi na sugu yake kwenye kidole kidogo, na wa kulia haukuwepo. Risasi, ambayo mhariri aliiweka chini ya karatasi asiipoteze, nayo haikuonekana tena. Buti tu lilibaki uani lilipoanikwa, maana masahihisho hayakutaja buti.

Ukurasa wa tatu ulikuwa na habari ya sentensi nne. Msichana alizipigania hadi gazeti linakwenda mtamboni. Sentensi ya kwanza ilisema familia moja imeuliza kuhusu askari kumi na mmoja wa vita vile. Ya pili ilisema jeshi limepitia kumbukumbu zake upya. Ya tatu ilisema kumbukumbu hizo hazina utata. Ya nne ilimnukuu msemaji wa jeshi kwa maneno yake: "Askari hao walitoroka mbele ya adui, na hadi leo wako mbioni."

Saa nne asubuhi Sista alikuwa anaanua shuka. Alisikia mabuti.

Walitokea upande wa sokoni, wawili wawili, na mmoja peke yake mwishoni, kumi na mmoja kwa hesabu, vijana tupu, midomo imepasuka kwa kiu. Madumu matupu yaligonga mapaja yao. Walikuwa wanakimbia kwa nguvu zote, na migongoni mashati yao ya kijeshi yalikuwa na matundu yaliyolowa. Fundi baiskeli alivuta baiskeli zake pembeni. Mwalimu aliyekuwa anavusha wanafunzi aliwazuia kwa mikono miwili, akawaambia wasubiri wapite. Dereva mmoja alipiga honi, kisha akazima injini. Yule wa mwisho alikuwa na masikio makubwa ya nyumbani kwao Sista, masikio ambayo mama yao alisema ni ya kusikilizia mambo yasiyomhusu.

Sista aliita. Hakugeuka. Walifika kona, wakapotea, na dakika chache baadaye vumbi likatulia na watu wakaendelea na shughuli. Sista alibaki ameshika shuka. Alikuwa na miaka sitini na minne, ameona vifo vya kila namna, na alikuwa hajapata kuona kitu cha kikatili kiasi hicho. Hakulia. Hakuiachia ile shuka hadi Koplo akaja kumshika, na kwa mara ya kwanza tangu jana akamruhusu.

Walipita tena kesho yake, saa nne, na kesho kutwa. Sista alikwenda gazetini kuomba masahihisho. Mhariri alimwonyesha sentensi ya nne. Alama za kunukuu zipo, jina la msemaji lipo, kila neno ni lilelile alilolisema.

"Hapa hatukukosea, mama," alisema, na alikuwa na huzuni ya kweli.

Mtaa ulizoea. Trafiki aliwekwa kona ya pili kusimamisha magari dakika mbili. Wenye maduka walijifunza kufagia matope saa nne na robo. Mpiga picha wa gazeti alikuja, picha ikatoka imechorwa mishale, na chini yake neno "Watoro". Siku moja gari la jenerali mstaafu lilikutwa pale kona likielekea kwenye hotuba. Trafiki alilisimamisha kama mengine. Jenerali alitazama vijana kumi na mmoja wakipita mbele ya kioo chake, akatazama saa, akamwambia dereva wanachelewa. Koplo, kila asubuhi, alisimama getini na kumwambia yeyote anayepita kwamba yeye ni wa kumi na mbili na kwamba walitumwa maji. Watu walimpa pole. Mzee wa watu, walisema, vita vilimwacha vibaya.

Jeshi lilileta polisi wake wawili, na viti viwili, na hati. Sheria ya mtoro wa vitani haikuwa imefutwa, ila ilisahaulika tu, na adhabu yake, kupigwa risasi, kila mtu aliijua. Polisi hao hawakuwa na mbio za kuwapata vijana wale, wala hawakujaribu. Amri yao ilikuwa kumkamata yeyote atakayesimama. Walikaa kivulini karibu na fundi baiskeli wakizungumza mambo ya nyumbani kwao, na ilipofika saa nne waliinuka na kutazama miguu ya wanaopita, kisha wakakaa.

Siku ya tisa Sista alivaa raba. Alijiweka mbele ya duka la dawa, mahali barabara inapopanda kidogo na vijana hupunguza mwendo. Kumi walipita. Alipofika wa mwisho, Sista alitoka naye. Ni hatua sitini hivi kutoka duka la dawa hadi kwa fundi baiskeli, na alizikimbia zote, pumzi ikimkata, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja.

"Kitinda," alisema. "Mimi hapa. Najua mlitumwa maji. Najua."

Kijana aligeuza uso. Alimwona mwanamke mzee asiyemfahamu, lakini sauti aliijua.

"Dada?" alisema. "Nimechoka, Dada. Wameacha kupiga?"

Hatua zake zilianza kulegea. Alikuwa anamtazama usoni, akisubiri, kwa maana tangu utotoni dada yake hakuwahi kumdanganya. Sista alitazama mbele. Pale kivulini wale wawili walikuwa wameshainuka, mmoja amekunjua hati, na wote wanayatazama mabuti ya Kitinda.

"Bado," alimwambia, akamsukuma mgongoni kwa kiganja, palepale palipolowa. "Kimbia, mdogo wangu. Kimbia."